Martin wa Ufaransa, Mabula wa Mwanza

Nchini Ufaransa hakuna jina la ukoo linalobebwa na watu wengi kuliko Martin, na anayetafuta habari za watu mashuhuri wa nchi hiyo huwakuta akina Martin katika kila fani, ingawa hakuna nasaba moja inayowaunganisha. Pierre-Émile Martin alikuwa mhandisi ambaye katika miaka ya 1860 alifanikiwa kutengeneza chuma cha pua katika tanuru maalumu, kwa njia iliyokuja kujulikana duniani kote kwa majina ya Siemens na Martin. Thérèse Martin, binti wa fundi saa, alizaliwa Alençon mwaka 1873, akajiunga na watawa wa Karmeli mjini Lisieux na kufariki dunia mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24; ndiye yule ambaye waumini wa Mwanza humwita Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, na ambaye Papa Pius XI alimtangaza mwaka 1927 kuwa msimamizi wa misioni. Paul Martin, Mkanada mwenye asili ya Kifaransa upande wa baba, alikuwa Waziri Mkuu wa Kanada kuanzia mwaka 2003 hadi 2006. Mhandisi, mtawa na mwanasiasa walibeba jina moja, na hakuna sababu yoyote ya kudhani kwamba walitoka katika mlango mmoja.

Sababu ya jina hilo kuenea hivyo haina uhusiano na damu. Martin lilikuwa kwanza jina la ubatizo, la kumkumbuka Mtakatifu Martin, askofu wa Tours aliyefariki mwaka 397, ambaye heshima yake ilienea vijijini kiasi kwamba kila parokia ilikuwa na wavulana kadhaa waliopewa jina lake. Katika karne za kati Mfaransa wa kawaida alikuwa na jina moja tu, na watu walipozidi kuwa wengi ikabidi waongezewe la pili ili mtoza kodi na mwandishi wa mahakama waweze kuwatofautisha: mmoja akaitwa kwa kazi yake, kama Lefebvre, yaani mhunzi, mwingine kwa mahali alipokaa, kama Dubois, wa msituni, na wengine wengi wakaitwa kwa jina la baba. Mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza aliamuru mapadre waandike daftari za ubatizo, na sheria ya mwaka 1794, iliyotungwa wakati wa Mapinduzi, ikamkataza raia kutumia jina lisilo katika cheti chake cha kuzaliwa. Tangu hapo mtoto wa Martin akawa Martin, na mjukuu vilevile, hata kama mtu wa mwisho kubatizwa kwa jina hilo katika familia yake alikuwa amekufa miaka mia tatu nyuma.

Hatua hizo zote, ambazo Ufaransa ilizipitia kwa karne nyingi, zimefuatana katika mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria ndani ya muda usiozidi miaka mia moja na hamsini, na bado hazijaisha. Ndiyo maana jina kama Mabula linastahili kuchunguzwa kwa makini sawa na jina la Martin.

Kwa muongo mzima kuanzia mwaka 2015 majimbo mawili yanayopakana katika jiji la Mwanza yaliwakilishwa bungeni na wabunge wenye jina hilo: Angeline Mabula wa Ilemela, aliyewahi pia kuwa Waziri wa Ardhi, na Stanslaus Mabula wa Nyamagana, ambaye kabla ya hapo alikuwa Meya wa jiji. Katika taaluma yuko Profesa Audax Mabulla, mwanaakiolojia aliyeongoza Makumbusho ya Taifa na ambaye jina lake huandikwa kwa herufi l mbili. Ukiachilia mbali hao wanaojulikana, hakuna orodha ya wanafunzi, ya wavuvi wa kambi moja au ya wanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba huko Usukumani isiyokuwa na Mabula mmoja au zaidi. Mgeni anayesikia hayo hudhani kwamba amekutana na ukoo mkubwa wenye nguvu. Mwenyeji hafanyi kosa hilo, kwa sababu anajua kwamba jina hilo linasema jambo moja tu, nalo ni kwamba siku alipozaliwa Mabula fulani mvua ilikuwa ikinyesha.

Utaratibu wa Wasukuma wa kutoa majina, ambao kwa sehemu kubwa wanashirikiana na ndugu zao Wanyamwezi, unazingatia mazingira ya uzazi kabla ya jambo jingine. Mbula ni mvua, na mvulana aliyezaliwa nayo huitwa Mabula, msichana Kabula. Limi ni jua. Mvulana aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Mayala, na katika nchi ambayo mavuno hutegemea mvua isiyotabirika haishangazi kwamba Mayala nao ni wengi. Miongoni mwao alikuwapo Anthony Mayala, Askofu Mkuu wa Mwanza kuanzia mwaka 1987 hadi alipofariki mwaka 2009. Milembe ni jina la msichana aliyezaliwa wakati wa amani. Mapacha wana majina yasiyobadilika: anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, awe wa kiume au wa kike. Mtoto anaweza pia kupewa jina la babu au bibi aliyefariki, na hapo jina la mvua au la njaa hurudi katika familia bila mvua wala njaa yenyewe kurudi.

Majina ya mapacha yamesafiri kuliko yote. Yamefika hadi Zanzibar, ambako mwaka 1960 Muhammad Saleh Farsy alichapisha riwaya yake Kurwa na Doto, na leo ni vigumu kupata mkoa wa Tanzania ambao watu hawajui nani ni nani kati ya hao wawili. Mwaka 2023 Doto Biteko, mbunge kutoka Bukombe mkoani Geita, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu, na Watanzania waliosikia uteuzi huo walikuwa tayari wamearifiwa na jina lake kuhusu hali aliyozaliwa nayo. Kwa upande wa Dakta William Shija, aliyekuwa mbunge wa Sengerema na waziri, kisha Katibu Mkuu wa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola mjini London, jambo ni tofauti kidogo. Yeye hakuitwa Shija kwa kuzaliwa kwake mwenyewe: jina hilo lilimfikia kupitia waliomtangulia, na mahali fulani katika mstari huo wa wazee kunatakiwa kuwa na mtu aliyezaliwa baada ya mapacha. Hivyo jina lilelile humweleza mbebaji wake katika familia moja, na katika familia nyingine huhifadhi habari ya mtu ambaye walio hai hawakumwona.

Wasukuma hawako peke yao katika hili. Kisiwani Ukerewe, mwandishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa waliotaabika kupata mtoto, na mtoto wa kiume alipozaliwa wakamwita Ntulanalwo, jina linalomaanisha kwamba mzazi anaishi na kifo kila siku. Huko Butiama, mashariki ya ziwa, Chifu wa Wazanaki aliyezaliwa takriban mwaka 1860 alipewa jina la Nyerere, yaani kiwavi, kwa sababu viwavi walikuwa wamevamia nchi wakati huo. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1922, siku ya mvua kubwa, aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, na alipobatizwa mwaka 1943 akaongeza Julius. Jina ambalo dunia inalihusisha na uhuru wa Tanganyika, na ambalo viwanja vya ndege na barabara vimepewa, asili yake ni mdudu mharibifu wa mazao, na hakuna aliyewahi kuona aibu kwa hilo, kwa kuwa kazi ya jina ilikuwa kukumbuka, si kujisifu.

Swali linalobaki ni jinsi jina la mtu mmoja na siku yake moja lilivyogeuka kuwa jina la ukoo. Hapo ndipo Wafaransa wanapoingia katika historia ya ziwa kwa miguu yao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1878 kundi la Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algiers na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868 na linalojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, lilifika Kageye, kusini mwa ziwa, likiongozwa na Léon Livinhac. Mwaka 1883 shirika hilo likafungua misheni Bukumbi, si mbali na mahali ambapo Wajerumani walijenga baadaye boma la Mwanza. Hao walikuwa watu waliotoka katika nchi ya majina yaliyokwisha kufungwa, na kila mmoja alikuwa na jina la ukoo lililoandikwa katika cheti chake tangu kuzaliwa. Walileta daftari la ubatizo lenye nafasi ya jina la Kikristo, jina la baba na jina la mama. Baada yao ikaja kodi ya kibanda ya Wajerumani, kisha stakabadhi za Waingereza, shule, orodha za wafanyakazi wa viwanda vya kuchambua pamba na daftari za vyama vya ushirika, na kila karatasi ilidai majina mawili au matatu yaliyopangwa kwa utaratibu uleule.

Msukuma hakukosa jibu, kwa maana lugha yake ilikuwa na neno ng'wana, yaani mtoto wa, linalomtambulisha mtu kwa kumtaja mzazi. Kilichofanywa na karani kilikuwa kuliondoa neno hilo la katikati na kuyapanga majina yaliyobaki moja baada ya jingine. Hili ndilo jina ambalo wanazuoni wa Kiswahili huliita la ubini, yaani jina la baba linalofuata la mwana, nalo kwa tabia yake halidumu, kwa kuwa hubadilika kila kizazi kinapopita.

Mfano wa familia ya kubuni utaonyesha jambo hili kwa karibu. Mzee Shija, asiyebatizwa, anapata mwana anayebatizwa Clement, na huyo anajulikana shuleni kama Clement Shija. Clement anapata mwana wakati wa masika, naye anaandikwa Mabula Clement Shija. Mabula akimzaa Teresa, cheti cha kuzaliwa cha binti huyo kinasema Teresa Mabula Clement, na Shija ametoweka. Katika fomu zote tatu nafasi ya mwisho imeandikwa kuwa ni ya jina la ukoo, lakini vizazi vitatu vimeijaza kwa majina mawili tofauti, na hakuna lililokuwa la ukoo kwa maana halisi. Kisha hutokea kizazi ambacho mtu mmoja anapata ajira serikalini, au anakuwa maarufu, au anaamua tu kwamba watoto wake wote na wajukuu wake watabaki na jina moja, na hapo mzunguko husimama. Jina lililokuwapo wakati huo ndilo linalobaki. Kama lilikuwa Mabula, familia inakuwa ya akina Mabula. Kama lilikuwa Clement au Martin, Mwanza inapata familia yenye jina la ukoo linalolingana herufi kwa herufi na la Mfaransa wa Tours, na lililozaliwa kwa njia ileile ya jina la ubatizo la baba, bila Mfaransa yeyote kuhusika na damu yake.

Familia za watemi, yaani machifu, zilitangulia katika kulisimamisha jina, kwa sababu zilikuwa na mirathi ya madaraka ya kulinda. David Kidaha Makwaia wa Usiha, mkoani Shinyanga, ambaye mwaka 1945 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, alibeba jina la baba yake, Mtemi Makwaia, na jina hilo likabaki kwa uzao wake. Lakini wasomaji wa magazeti na watazamaji wa televisheni wanamfahamu pia Makwaia wa Kuhenga, mwandishi wa habari wa miaka mingi, ambaye kwake Makwaia ni jina la mbele na baba anatajwa nyuma kwa kiunganishi kinachoonekana wazi. Jina moja, katika eneo moja la nchi, linafanya kazi ya ukoo mahali pamoja na kazi ya mtu binafsi mahali pengine, na mtu asiyejua atawaweka wote katika kundi moja.

Njia ambazo jina hutumia kuingia katika fani mbalimbali ni zaidi ya kuzaliwa, na hili linaonekana vizuri zaidi kwa jina la Masanja. Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati, alizaliwa Bukoba, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, akiitwa Kashaga, na jina analojulikana nalo katika taaluma si lile alilozaliwa nalo. Mary Masanja aliingia bungeni kwa viti maalumu kutoka Mwanza na kuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii. Mchekeshaji ambaye nchi nzima ilimcheka kwa jina la Masanja Mkandamizaji, na ambaye baadaye alijitokeza katika nyimbo za injili, jina lake halisi ni Emmanuel Mgaya. Hisabati, siasa na uchekeshaji vimekutana katika neno moja, na angalau kwa wawili kati ya hao watatu neno hilo halikutoka kwa wazazi wao.

Kuna upande wa suala hili ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao ni wa wanawake. Mabula na Kabula walizaliwa chini ya mvua ileile, lakini kwa kuwa fomu huuliza jina la baba, Mabula hupita kwa wanawe na kuongezeka kila kizazi, ilhali Kabula husimama kwa mwenyewe na kupotea anapofariki, isipokuwa mjukuu apewe jina hilo kwa kumbukumbu. Milembe na Limi wako katika hali hiyohiyo. Orodha ya majina ya ukoo ya Kanda ya Ziwa kwa hiyo ni nusu tu ya kumbukumbu ya mvua, njaa na amani za watu wake, na nusu iliyokosekana ni ya mama na bibi zao. Ufaransa, baada ya karne nyingi za kufuata baba peke yake, ilibadilisha sheria, na tangu mwaka 2005 wazazi wanaweza kumpa mtoto jina la ukoo la mama; hakuna sababu ya msingi ya kuzuia mjadala wa namna hiyo kufanyika Mwanza, mahali ambapo jina la ukoo lenyewe bado halijakauka.

Majina ya Wafaransa nayo hayakubaki salama yalipofika ziwani. Siméon Lourdel, mmoja wa kundi la Kageye, alivuka ziwa hadi Buganda mwaka 1879, na watu waliomsikia akiitwa baba kwa Kifaransa wakamwita Mapeera. Jina lake la ukoo limebaki kwa wanahistoria, na lile la Waganda ndilo lililowekwa juu ya majengo, likiwamo makao makuu ya benki mjini Kampala. Huko Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka Mwanza kwenye barabara ya Musoma, Padre David Clement, Mkanada wa Quebec aliyeingia Usukumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alianzisha kituo cha utamaduni cha Bujora, chenye makumbusho ya Kisukuma na kanisa la duara ambalo altare yake ina umbo la kiti cha mtemi. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, na leo anatajwa kama David Fumbuka Clement, jina la Kisukuma likiwa limewekwa katikati, mahali ambapo desturi ya Tanzania humweka baba.

Ukoo halisi, wakati huohuo, unaishi nje ya karatasi. Msukuma anayetaka kujua kama kijana anayechumbia binti yake ni ndugu haulizi jina la tatu katika kitambulisho cha Taifa, bali huuliza yeye ni wa akina nani, na jibu huwa Babinza, Bakwimba, Basiya, Basega au ukoo mwingine, pamoja na kijiji cha babu na upande wa mama. Majina hayo ya ukoo hayana nafasi katika fomu yoyote ya serikali. Akina Mabula wawili wanaweza kuoana bila mzee yeyote kushtuka, na Mabula na Shija wanaweza kukatazwa kwa kuwa babu zao walikuwa wa nyumba moja.

Gharama ya kuchanganya mambo haya mawili huonekana mahakamani. Familia inapofungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, mara nyingi marehemu anakutwa na jina moja katika kadi ya kliniki, jingine katika cheti cha ubatizo na jingine katika hati ya kiwanja: Doto hapa na Dotto pale, Kulwa na Kurwa, Ng'wandu aliyegeuzwa Mwandu na karani asiyejua kuandika sauti ya Kisukuma, na watoto wa baba mmoja ambao mkubwa ameandikwa kwa jina la babu na mdogo kwa jina la ubatizo la baba. Kila tofauti inadai hati ya kiapo mbele ya wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na kila kiapo kina ada yake. Wakala wa usajili wa vizazi, RITA, umefanya usajili wa watoto kuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa, jambo la kupongezwa; ila muuguzi anayejaza fomu ya mtoto katika zahanati ya kisiwa cha Kome au Ukara anahitaji pia kumuuliza mama, kabla kalamu haijagusa nafasi ya tatu, kaka na dada za mtoto huyo waliandikwa kwa jina gani.